Mkono Kiunoni

Watu wakisikia nafanya kazi kwenye okestra huniuliza napiga nini. Sipigi kitu. Napanga. Mimi ndiye mtunza kumbukumbu, na chumba changu kiko chini ya jukwaa, kiasi kwamba mazoezi yakianza huko juu, ngoma kubwa hunidundia utosini na chai hutetemeka kikombeni. Ndani mna rafu za chuma, na kwenye rafu mna maboksi ya kijivu, moja kwa kila mkurugenzi wa muziki tangu okestra ianzishwe. Humo mna nota walizozichorachora kwa penseli, picha, mikataba, ratiba za maonyesho na malalamiko. Malalamiko ndiyo hujaza boksi. Sijaona viumbe wanaolalamika kama wakurugenzi wa muziki: mara jukwaa lina baridi, mara wapiga tarumbeta wana kiburi, mara kiti hiki si kile cha jana.

Kanuni ya chumba niliirithi kwa aliyenitangulia, nami naishika kwa meno: pasipo karatasi, hapana boksi. Ukija na hadithi nitakupa kiti, nitakupa chai, nitakusikiliza mpaka uchoke. Boksi sikupi.

Na mtu mwenye hadithi kuliko wote ni mjomba wangu, aliyenilea. Ni fundi wa piano, mrefu, mwenye kitambi cha heshima na mdomo ambao haujawahi kufunga duka. Ujanani alipiga besi kwenye okestra yetu, ile fidla kubwa kama kabati ambayo mpigaji huisimamia nyuma kabisa. Tangu nikiwa mtoto alikuwa akitusimulia, vyombo vikiwa bado mezani, jinsi yeye mwenyewe alivyowahi kuwa mkurugenzi wa muziki.

Hadithi yenyewe ni hii. Mkurugenzi wa pili, jitu la miraba minne ambalo wapigaji walilibandika jina la Pipa, aligombana na okestra nzima katikati ya msimu, akatupa kijiti cha kuongozea, akaenda zake. Wa tatu alikuwa hajapatikana. Mwenyekiti wa wakati huo akaangaza macho, akamwona mpiga besi. "Wewe husimama nyuma unawaona wote," akamwambia. "Njoo mbele, nao wakuone." Mjomba akaongoza msimu uliobaki. Shida ilikuwa nguo. Okestra ilikuwa na suti moja tu ya mkurugenzi, nayo ilishonwa kwa kipimo cha Pipa, na mjomba enzi hizo alikuwa mwembamba kama fito. Suruali haikuwa na vishikio vya mkanda, na ile mikanda ya mabegani Pipa alikuwa ameondoka nayo. Basi mjomba akaifunga kwa uzi mkuukuu wa besi.

"Uzi wa besi unafaa kwa kila kitu isipokuwa suruali," husema hapo, akishika tumbo. Kila onyesho uzi ulikuwa ukilegea polepole, na kabla wimbo wa kumalizia haujaisha suruali tayari iko safarini, ikabidi ainyamazishe okestra nzima ili aipandishe. "Wahenga walishasema, nguo ya kuazima haisitiri matako!" Hapo sisi watoto tulikuwa tukigaragara sakafuni kwa kicheko.

Nilicheka utotoni, nikacheka ukubwani. Nilipopata kazi hii nilipekua maboksi yote na sikukuta hata kipande cha karatasi kinachomtaja. Ratiba za msimu ule zote zina jina la Pipa, na boksi la Pipa halina malalamiko yake ya mwisho kwa kuwa aliyatoa kwa mdomo. Nikaiweka hadithi ya mjomba pale panapokaa za sungura na fisi, nikaendelea na kazi.

Mwaka huu ukumbi ukakarabatiwa. Mlangoni wakaamua kuweka bamba la shaba lenye majina ya wakurugenzi wote wa muziki, toka wa kwanza hadi huyu wa sasa, na mimi nikaagizwa kuandika orodha na kutundika picha zao kwenye korido. Nilitundika kwa rula. Chini ya kila picha niliweka maelezo, na nakiri niliyaandika kwa madaha kidogo. Mjomba akaja kutazama, amemshika mkono mjukuu wake wa kike. Nilishangaa kumwona, maana mkurugenzi wa tatu alipoingia tu alimwondoa kwenye okestra, na tangu siku hiyo mjomba aliapa hatakanyaga ukumbi ule.

Walipita picha kwa picha. Walipofika mwisho mjukuu akamvuta mkono. "Babu, wewe uko wapi?"

Mjomba akatazama ukuta, akanitazama mimi. "Babu alikuwa nyuma," akasema. "Nyuma hakupigwi picha." Wakaondoka bila kungoja chai.

Baada ya hapo mjomba akafunga duka. Mkewe alinipigia simu akiwa na wasiwasi. "Njoo umwone mjomba wako. Anakula kimya. Mimi na huyu mtu hatujawahi kula kimya, sijui hata chakula kina ladha gani nisipobishana naye."

Nilimkuta kwenye karakana yake, amekilalia kinanda kilichofunguliwa tumbo. Nikavuta kigoda. "Mjomba, si unajua kanuni ya kazi yangu? Mimi siwezi kuandika kitu kwa sababu tu ni chako."

"Sijakuomba uandike."

"Sasa mbona umenuna?"

"Sijanuna, mwanangu." Akaweka bisibisi chini. "Ila miaka yote hiyo ulivyokuwa ukicheka, mimi nilidhani unacheka kwa sababu unajua. Kumbe ulikuwa unacheka kwa sababu huamini."

Nimeshawahi kutukanwa na wakurugenzi wa muziki kwa lugha nne tofauti. Hakuna tusi lililoniingia kama maneno hayo. Nilitaka kujitetea, nikaona nitazidi kuharibu, nikaaga.

Niliporudi chumbani nilikuwa na hasira, na nikiwa na hasira huwa napanga vitu. Nikatoa nakala za zile picha za korido nizipange upya. Mkurugenzi wa kwanza, mikono yote hewani. Pipa, mikono yote hewani, kama anazuia gari. Wa tatu, kijiti mkono wa kulia, mkono wa kushoto kiunoni. Wa nne, mkono wa kushoto kiunoni. Wa tano, kiunoni. Wa sasa, yule mama mfupi tunayemwita Jenerali, kiunoni vilevile. Zote zilipigwa wakati mmoja wa onyesho, ile nukta ya ukimya katikati ya wimbo wetu wa kumalizia, kwa sababu ndipo watu wote wametulia na picha haitikisiki. Ukimya huo nausikia kila wiki kupitia dari, ila kuuona sijawahi, maana onyesho likiendelea mimi niko chini na maboksi yangu.

Chini ya picha ya mkurugenzi wa tatu nilikuwa nimeandika mwenyewe, kwa yale madaha yangu: "Mkono kiunoni, mtindo ulioasisiwa naye na kufuatwa na wote waliomrithi." Nikayasoma mara mbili. Kisha nikawaza uzi wa besi.

Nilipanda ngazi mbiombio. Jenerali alikuwa jukwaani peke yake na mpiga fidla mkongwe kuliko wote, ambaye kila mtu humwita Bibi, wanagombana kwa upendo juu ya mwendo wa wimbo fulani.

"Samahani mkurugenzi," nikasema nikihema, "kwenye ule ukimya, kwa nini unashika kiuno?"

"Afadhali leo mtu kaniuliza!" Jenerali akatupa mikono juu. "Nisiposhika hawaingii! Siku yangu ya kwanza hapa nilishusha kijiti, kimya. Nikashusha tena, kimya. Nikadhani wamegoma. Ni huyu Bibi aliyenikonyeza, akasema chinichini, 'Kiuno, mama, kiuno.' Nikashika, wakaingia. Hivi mlirogwa na nani?"

"Mimi nilivyoajiriwa niliikuta," Bibi akasema, akifuta fidla yake bila haraka. "Niliingia pamoja na mkurugenzi wa tatu, na yeye naye aliikuta. Alihangaika, maskini, mpaka akagundua. Jirani yangu wa kiti aliniambia hivi: mkono ukigusa kiuno, ingia, usiulize. Sikuuliza. Nami nimewafundisha waliokuja nyuma yangu, nao hawakuuliza."

Hivyo ndivyo okestra ilivyo. Andika kanuni ukutani, hakuna atakayeisoma. Lakini kitu alichoonyeshwa na jirani yake wa kiti mpigaji atakishika mpaka kaburini. Nikawasimulia suruali ya Pipa. Jenerali alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi ya jukwaa. Bibi hakucheka. Alisema tu, "Kumbe."

Kilichobaki kilikuwa kigumu zaidi, nacho ni mwenyekiti. Fundi wa shaba alikuwa anakuja mwisho wa wiki, na mwenyekiti alishatangaza kwamba shaba si ubao wa shule, ukishachora umechora. Mwenyekiti wetu ni mtu wa tai na maneno ya taratibu. Ni mtu mwema, mnyonge mnyongeni haki yake mpeni. Ila yeye ni mtoto wa mkurugenzi wa tatu. Ofisini kwake, juu ya kiti, ametundika ndani ya fremu maneno ya baba yake aliyoyasema alipohojiwa: "Ukimya ule ulinijia siku moja nikitazama mvua dirishani."

Alinisikiliza mpaka mwisho bila kupepesa.

"Kwa hiyo," akasema, "unaniambia sifa kubwa ya marehemu baba yangu ni suruali ya mjomba wako."

"Sikusema hivyo, mwenyekiti."

"Umesema hivyohivyo. Na karatasi iko wapi? Si wewe uliyenifundisha, pasipo karatasi hapana boksi?"

Mkuki kwa nguruwe. Akainuka, akatazama fremu yake kwa muda, halafu akanigeukia. "Mimi si mwizi wa majina ya watu. Kesho asubuhi kuna mazoezi. Aje aongoze wimbo wa kumalizia. Na avae suruali hiyohiyo, najua unayo. Kama huo mkono ulianza kwake, utamwendea kiunoni wenyewe. Ila wewe usimdokeze. Neno moja tu la kiuno, shaba itachorwa kama ilivyo."

Nilikubali haraka, maana niliona ni mteremko. Suruali ile nimeihifadhi mwenyewe, kwenye droo ndefu pamoja na koti lake. Kiunoni mle wanaenea watu wawili na mzigo wao. Ingeanguka tu.

Mjomba kumshawishi ilikuwa kazi. Alisema amezeeka, mara mkono unauma, mara kinanda cha mtu hakijaisha. Mkewe ndiye aliyemaliza mjadala. "Nenda bwana. Ukirudi utakuwa na cha kusema."

Asubuhi akaja, amenyoa, amenyamaza. Nikamkabidhi suti, akaingia kubadilisha nyuma ya pazia. Mimi nikaenda kukaa na mwenyekiti kwenye viti vya watazamaji. Jenerali alikuwa amewaambia wapigaji kwamba leo kuna mgeni, wampigie kama wanavyompigia yeye. Bibi tu ndiye aliyejua zaidi, na Bibi akifunga mdomo hata nzi hapiti.

Mjomba akatokea jukwaani.

Suruali ilikuwa imemkaa sawasawa. Nilikuwa nimekumbuka kiuno cha Pipa nikasahau kitambi cha mjomba. Umri wote ule, kidogo kidogo, sahani kwa sahani, alikuwa akinenepa kuielekea suruali ile, na sasa amefika. Hakukuwa na haja ya mkanda, wala uzi. Ungedhani fundi alimpima jana.

"Mbona inamfaa kama alishonewa," mwenyekiti akasema, kwa upole ambao ulinichoma kuliko kejeli.

Nilitaka kusimama nipige kelele, nikakumbuka ahadi, nikayauma maneno. Nilijiona mpumbavu wa mwisho: nilikuwa nimemtoa mzee wa watu kwenye karakana yake ili aaibishwe mbele ya watu, tena ndani ya nguo za mwenzake.

Mjomba akapanda kwenye kile kijukwaa kidogo. Akainua kijiti. Kisha besi zikaanza kule nyuma, zile sauti za chini alizokuwa akizipiga mwenyewe, nikaona mabega yake yanashuka. Akaongoza. Sikuwahi kumwona mtu huyu namna hiyo. Yule mpiga porojo wa mezani alikuwa anajua pale anapoingia kila mmoja, anawageukia kabla hawajahitaji kugeukiwa, na wapiga tarumbeta wenye kiburi walikuwa wanamtazama kama watoto wanaogawiwa peremende. Jenerali, aliyekuwa amekaa safu ya mbele, akainama mbele, akasahau kuegemea tena.

Wimbo ukapanda, ukapanda, ukafika kileleni. Mjomba akakata hewa kwa kijiti. Kimya.

Kwenye nota pale pameandikwa pumziko fupi tu. Mjomba akalipa pumziko haki yake, akashusha kijiti.

Hakuna aliyeingia.

Akashusha tena. Kimya. Pinde za fidla ziko hewani, midomo iko kwenye tarumbeta, na macho yote yale, ya Bibi, ya wapiga chelo, ya yule wa ngoma kubwa, yalikuwa yamekitazama kiuno chake. Yeye hakujua. Alichokiona ni okestra iliyogoma. Niliuona uso wake kwa upande, na nilijua anachofikiria: hata hawa wananikataa. Kijiti kikaanza kushuka, si kwa kuongoza bali kwa kuacha.

Mkono wake wa kushoto ulikuwa unaning'inia tu. Suruali imetulia. Haikumwomba kitu.

Nilikuwa nimefumba macho niliposikia kiti cha pembeni yangu kinajikunja. Mwenyekiti alikuwa amesimama. Tangu akiwa mtoto alikaa kwenye ukumbi huu akimtazama baba yake mahali palepale, na nyumbani, aliniambia baadaye, alikuwa akimwona baba huyo mbele ya kioo, akijizoeza mkono na kunung'unika, "Lakini kwa nini kiuno? Kwa nini kiuno?" Mkono wake mwenyewe wa kushoto ulikuwa tayari umeshika suruali yake. Sidhani alijijua.

"Pandisha, mzee!" akapaza sauti, mtu wa maneno ya taratibu. "Wanakungoja wewe! Pandisha suruali!"

Mjomba akageuka, akamtazama. Akawatazama wapigaji, mmoja mmoja, akayafuata macho yao mpaka kiunoni kwake. Nikaona anaelewa. Ilichukua muda, na hakuna aliyemharakisha. Okestra ile imezoea kumsubiri. Kisha akapeleka mkono wa kushoto kiunoni, akaishika ile suruali isiyokuwa na pa kwenda, akaipandisha.

Wakaingia wote kwa pamoja. Nimezoea kuusikia mwingilio ule ukipitia dari, umechujwa na mbao na vumbi. Nilikuwa sijawahi kuupokea usoni. Nililia, na sioni sababu ya kusema nilipaliwa na kitu.

Mwenyekiti akakaa. Alitoa leso, akajipangusa shingo, tai ikakaa upande. "Baba yangu," akasema bila kunitazama, "alikuwa haangalii mvua. Hata manyunyu alikuwa hayapendi."

"Aisifuye mvua imemnyea," nikasema, kwa sababu ulimi wangu hauna breki.

Akanikazia macho, nikadhani kazi imeisha. Kumbe anacheka. "Mwambie fundi wa shaba aache nafasi kati ya wa pili na wa tatu," akasema. "Na ile fremu ya ofisini njoo uichukue. Iweke kwenye boksi la baba, pamoja na malalamiko."

Huko jukwaani wimbo ulikuwa umekwisha, na wapigaji walikuwa wanagonga sakafu kwa miguu, ndiyo makofi yao. Bibi alikuwa amesimama, ameweka mkono kiunoni. Mjomba alishuka ngazi taratibu, kijiti mkononi, jasho linamtiririka, na mdomo wake ulikuwa umefunguka tena kama duka asubuhi: anamwambia Jenerali habari za uzi wa besi, anamwambia mpiga ngoma habari za Pipa, anawasimulia wote kwa mpigo, na mikono inaonyesha jinsi uzi ulivyokuwa ukilegea. Alipofika kwenye matako ya wahenga nilikuwa nimeshainama, nashikilia kiti, mbavu zinaniuma.

Akanyamaza ghafla. Akanisogelea mpaka karibu, akanitazama usoni kwa makini.

"Na wewe," akasema, "leo unacheka kwa nini?"

"Kwa sababu najua, mjomba."